Volti Moja na Nusu

Fundi Lwitiko aliuliza mara moja tu, na aliuliza akiwa ameuma koleo dogo kwenye meno, kwa hiyo maneno yalitoka yamebanwa.

"Kijiti cha mtoto ni cha volti ngapi? Maandishi yake yamefutika."

Subilaga alimsikia vizuri. Alikuwa amesimama nje, nyuma ya ukuta wa jiko, miguu kwenye matope ya mgombani, kanga imemfunika kichwa mpaka kidevuni, mgongo ameugeuzia nyumba. Jibu alikuwa nalo, na mji mzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa nalo. Kijiti cha Atuganile kilikuwa cha volti moja na robo. Kile cha kwanza kiliingia maji mtoto akiwa hajaanza kutambaa, Subilaga akiwa kwao Kyela kwa mama yake, na zahanati ya kule ilikuwa imebaki na vile vipya tu, vyembamba, vinavyotaka umeme kidogo. Maandishi yaliyokuwa juu yake aliyafuta yeye mwenyewe bila kujua, kwa mafuta ya nywele, kila alipomsuka mtoto na vidole vyake vikapita nyuma ya sikio.

Alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kifua kilikuwa cha mtoto, chepesi, lakini kikohozi kilikuwa cha mzee: kilianzia chini, kikajikokota, kikamalizikia kwenye mkwaruzo wa koo. Kisha sauti ya Atuganile ikauliza ni nani aliyewasha moto kwa kuni mbichi.

Baba mkwe alikuwa ameamka.

Katika ukoo ule mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi neno mahali ambapo mzee anaweza kumsikia, halali naye chini ya paa moja, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake kisimani. Akimkuta njiani, huingia kwenye mashamba ya chai, akainama, akajifunika, akangoja hatua zipite. Tangu aolewe Subilaga hakuwahi kukosea hata siku moja, na wanawake wa Ilongoti walimtaja kwa hilo walipokuwa wakiwafundisha mabinti zao. Mzee alikuwa amekufa, amezikwa, na matanga yameanuliwa. Lakini kijiti chake sasa kilikuwa kwenye tundu la pili nyuma ya sikio la mtoto, kimepata umeme, na masikio yaliyokuwa yakisikiliza mle ndani yalikuwa yake. Atuganile mwenyewe alikuwa kwenye kiganja cha fundi, mdogo kama ukucha, anangoja kurudishwa.

Aliyejibu ni Sekela, wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kutoka Tukuyu mjini kusimamia shughuli. Alijibu huku akifunua sufuria, maana Subilaga alisikia mfuniko.

"Ni kama vya watu wote wa hapa, moja na nusu. Weka, fundi. Chakula kinapoa."

Kanga ilikuwa imeingia mdomoni mwa Subilaga, akaiuma. Alijiambia kwamba hilo ni neno la kusema baadaye, watu wakishanawa mikono, fundi akitoka nje kujisaidia. Fundi atarudi, atarekebisha, mzee hatakuwa amesikia sauti ya mkamwana wake, na mambo yatakuwa yamekwenda kwa heshima. Akasikia kijiti kikiingia. Kilifanya tak, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti.

*

Watu wa safu zile za milima hawakuwa na kumbukumbu ya kuzaliwa nayo. Homa ya ukungu ilipopita, iliwaachia mikono, miguu, lugha na njaa, ikawanyang'anya jana. Ndiyo maana asubuhi, kabla mama hajamgusa mtoto wake, kwanza hupapasa nyuma ya sikio la mtoto kuhakikisha kijiti hakijalegea usingizini. Kikiwa kimelegea, mtoto ataamka hajui mlango uko upande gani. Kijiti hukaa kwenye bodi iliyopachikwa nyuma ya sikio, na kila bodi ina matundu mawili. La kwanza ni la mwenyewe. La pili watu wengi huliacha wazi, au hukaa ndani yake mtu aliyekufa ambaye familia haijakubali kumwachia.

Mzee Mwalugaja familia haikuweza kumwachia, na sababu ilikuwa chai. Ndiye aliyekuwa mwonjaji wa Ushirika wa Ilongoti. Wanunuzi walipokuja walipanga vikombe vyeupe, wakamwaga maji yanayochemka juu ya majani, yeye akapita na kijiko chake, ananyonya kwa kelele, anatema kwenye ndoo, anasema: hii imechumwa na umande, hii imenyaushwa haraka, hii mmechanganya na ya bonde la chini mkadhani sitajua. Alilosema ndilo lililokuwa. Kilima kizima kilisimama juu ya ulimi wake.

Kijiti kinakumbuka ladha lakini hakionji. Kinataka ulimi wa mtu aliye hai, na katika kikao cha ukoo ndimi zilikaguliwa moja baada ya nyingine kama meno ya ng'ombe mnadani. Asajile, mwana mkubwa, wa kwake uliharibiwa na ugoro na gongo. Ambilikile, mume wa Subilaga, alivuta sigara tangu ujana. Sekela tundu lake la pili lilikuwa na marehemu mama yao, na mama yao, alisema Sekela mwenyewe, maisha yake yote hakuwahi kumpisha mume wake kitandani, sembuse kwenye bodi. Watu wakacheka. Kisha wote wakageuka kumtazama Atuganile, ambaye alikuwa amekaa kizingitini anamenya muwa kwa meno, na hakuwa amewahi kuonja kitu kikali kuliko tangawizi.

Subilaga hakuulizwa. Wakati huo alikuwa akipakua.

*

Alimwambia mumewe jioni ileile, kwenye banda la mbuzi, huku akimshikia taa. Alimwambia yote, kuhusu zahanati ya Kyela na kijiti chembamba na mafuta ya nywele. Ambilikile aliendelea kufunga mbuzi wake. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na tabia ya kumaliza kazi iliyo mkononi kwanza, hata kama mtu anakufa.

"Fundi alipouliza ulikuwa wapi?"

"Nje."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi," alisema Ambilikile, akavuta fundo.

Hata hivyo fundi aliitwa kesho yake. Lwitiko aligusa nyuma ya sikio la mtoto kwa mgongo wa kidole, akakivuta upesi, kisha wakamwacha mtoto nyumbani, wakaenda kuzungumzia kiwanda cha chai, na huko akawa anatazama chini muda wote alipokuwa akieleza. Alikiri kwamba alipaswa kupima kwa mita yake badala ya kuuliza, lakini watu walikuwa wamekaa mezani wanamngoja. Akawaeleza kwamba bodi ina bomba moja tu la umeme, na matundu yote mawili hunywa hapo hapo. Bodi haijui huyu ni mtu mzima na huyu ni mtoto. Ni kama mama aliyepika uji mmoja: akiupika mzito, babu anashiba na kichanga kinapaliwa, akiupika mwepesi, kichanga kinanyonya vizuri na babu anabaki na njaa. Kijiti cha mzee ni cha moja na nusu. Ukikipa moja na robo hakifi, lakini kinakuwa kigugumizi. Kitasahau katikati ya sentensi, na vitu vya kwanza kupotea ni vile vilivyo vyembamba, harufu na ladha. Kijiti cha mtoto ukikipa moja na nusu kitafanya kazi, tena kwa kasi. Wiki za kwanza mtu anaweza hata kudhani kimepona. Lakini kinapata joto, na joto lile halitoki. Kinaungua taratibu, kama nyama iliyosahauliwa juu ya makaa.

Sekela aliuliza kama katikati hapana. Fundi akasema katikati ipo, na katikati mzee atapata kigugumizi na mtoto ataungua, wote wawili.

"Basi kitolewe cha mzee," Subilaga alisema kwa sauti ya chini. Aliweza kusema kwa kuwa walikuwa kiwandani na mtoto alikuwa ameachwa nyumbani.

Asajile alimtazama kama aliyetukanwa. Mtu aliyezikwa, akaamshwa, akapewa chakula, akasalimiwa na wanawe, unamtoaje tena? Utamzika mara ya pili akiwa anakutazama? Na wanunuzi wa chai ya kwanza wanakuja mvua zikipungua. Sekela akaongeza kwamba watoto husahau kila siku hata bila kuungua; wa kwake mwenyewe juzi kasahau viatu shuleni, na hakuna aliyemlilia. Hapo Ambilikile akaamua, kwa upole, kama mtu anayekubali kuongeza mgeni mmoja mezani.

"Tumwache msimu mmoja tu. Baada ya hapo tutaona kilichobaki."

*

Mpango ulikuwa mzee awe juu mchana na mtoto awe juu jioni. Sekela ndiye aliyekabidhiwa kubonyeza nyuma ya sikio, kumshusha mmoja na kumpandisha mwingine. Na kwa sababu baba mkwe alikuwa amerudi kukaa kwenye nyumba ile, Subilaga alihamishia mkeka wake kwenye kibanda cha jikoni, na hakuvuka tena kizingiti cha chumba alichojifungulia. Vijiti vyote viwili vilifunikwa kwa kibati chenye skrubu, na bisibisi yake ilikaa kwenye mkoba wa Sekela.

Jioni za mwanzo zilikuwa njema, na hicho ndicho kilichomuuma Subilaga baadaye alipokumbuka. Atuganile alikuja jikoni anakimbia, anaongea haraka, macho yanang'aa, akajibu hesabu za shule kabla hajamaliza kuulizwa. Alikumbuka vitu ambavyo mama yake mwenyewe alivisahau: rangi ya kitambaa alichobebewa Kyela, nyuki waliomfuata mpaka mtoni, namna jirani yao Bumi alivyoanguka na ndoo ya maziwa akamlaumu paka. Subilaga alimpapasa nyuma ya sikio. Pale palikuwa na joto kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi. Akawa anamwekea jani la mgomba lililolowekwa maji, na mtoto akawa anacheka kwamba anasikia baridi mpaka puani.

Kisha jioni moja alifika mlangoni akasimama. Alitazama kibanda kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Subilaga akamwita, akaja, akakaa, akala. Siku nyingine aliitwa kwa jina lake mara mbili, tatu, akageuka kuangalia nyuma kama kuna mtoto mwingine. Akasahau mahali pake pa kulala, na choo. Akawa ananyoosha nywele zake mwenyewe anazishangaa. Lakini hadithi ya nyuki alikuwa nayo yote, na ya paka, na majina ya mito waliyofundishwa darasani mara moja tu.

Subilaga alimfuata Lwitiko kwenye mtambo wa maji alikokuwa akitengeneza pampu. Alimweleza hayo yote mpaka na ya nywele, akamwuliza kwa nini moto unachagua. Fundi alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alisema hauchagui. Kitu kinachosomwa mara nyingi ndicho kinachopitisha umeme mwingi, na panapopita umeme mwingi ndipo panapochemka. Jambo ambalo mtoto hulitafuta mara moja kwa mwaka limekaa pembeni, poa kabisa. Jambo analolitafuta kila akiamka, kila akianguka, kila akisikia njaa, hilo ndilo linaloungua kwanza. Hakutaja jambo lenyewe. Subilaga naye hakumwuliza.

Baada ya hapo jioni ziliisha. Mzee alikataa kushuka. Sekela alibonyeza, akabonyeza tena, na mzee akamwambia aache kumchokonoa kama funza. Alikuwa amepata ulimi mpya. Alikaa kibarazani kwa miguu ya mtoto isiyofika chini, akaletewa ndizi za kuchoma, asali, pilipili, maziwa mgando, akala kila kitu polepole amefumba macho. Watu walikuja kumsalimu. Wengine walileta watoto wao wamwone. Subilaga aliyaona hayo kutoka mbali, kupitia mashina ya migomba, na kila kichwa kile kidogo kilipogeuka upande wake aliinama, akajifunika, akatazama vidole vyake vya miguu. Ilikuwa inabidi amkimbie mwanawe mwenyewe njiani. Alijua kwamba viatu vinavyopita ni vile alivyomnunulia yeye, na kwamba vimeanza kubana.

*

Siku ya wanunuzi ukumbi wa Ushirika ulipigwa deki mpaka saruji ikang'aa. Vikombe vilipangwa kwenye meza ndefu, ndoo ya kutemea ikawekwa chini, na kwa kuwa mzee alikuwa akilalamika joto tangu asubuhi, fundi alikifungua kibati na kuweka feni ndogo nyuma ya shingo ya mtoto. Wanawake wa ukoo walikaa nje, upande wa dirisha la majiko. Subilaga alikuwa kati yao, anachekecha majani. Aliiona skrubu juu ya meza. Aliiona feni, na nyuma ya feni vile vijiti viwili vimekaa wazi, kimoja kinene na kingine chembamba, na kile chembamba kilikuwa kimebadilika rangi pembeni, kahawia, kama ukoko.

Bumi aliyekuwa karibu naye alimshika mkono akamwambia asiwe mjinga, kwamba akiingia mle atarudishwa kwao kabla jua halijazama na mtoto hatapewa. Subilaga alimwambia analijua hilo. Akaitoa kanga kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya chekeche, akaingia.

Alitembea katikati ya ukumbi kichwa wazi. Mzee alikuwa kwenye kikombe cha nne. Alinyonya, akakizungusha kinywaji mdomoni, na mashavu ya Atuganile yakajaa na kuingia ndani. Wanunuzi walikuwa wakitabasamu.

"Mwalugaja," alisema Subilaga.

Feni ikasikika ukumbi mzima. Asajile alinyanyuka, lakini mzee alimwashiria kwa kijiko akae. Alitema kwenye ndoo. Akaufuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kisha akaugeuza uso wa mtoto na kumtazama mkamwana wake kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ndiye huyu," alisema. "Miaka yote nimekuwa nikiuona mgongo tu. Ambilikile, ulioa vizuri."

Mtu mmoja alicheka, akaacha.

Subilaga alipiga magoti, kwa kuwa hata katika kuvunja desturi hakujua namna nyingine ya kusema na mzee. Alimwambia kwamba mtoto anaungua. Alimwambia kijiti cha mtoto ni cha moja na robo na kwamba yeye alijua na akanyamaza, kwa ajili ya kumstahi. Akamwomba aseme yeye mwenyewe, mbele ya wanawe, kwamba anakubali umeme ushushwe. Wakimsikia yeye watashusha. Wengine wote wamekataa, lakini yeye akisema, nani atabisha?

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa maarufu kwa kusikiliza.

"Mimi na huyu mtoto tunakaa ukuta mmoja," alisema. "Unadhani nyumba ya jirani ikiungua mtu hasikii joto? Nilijua kabla yenu. Siku za kwanza alikuwa akilia, tena usiku, ananinyima usingizi. Siku hizi amenyamaza."

"Alikuwa akimlilia nani?"

"Wewe. Sasa angemlilia nani?" Alichukua kikombe cha tano, akakinusa. "Nikushukuru, mkamwana. Hakuna mwanamke mwingine hapa angefunga mdomo ule siku ile. Umenipa ulimi ambao hata ujanani sikuwa nao. Mimi nimekufa mara moja na ninajua kulivyo. Huyu hajui, kwa hiyo haogopi. Ukipima vizuri utaona anayepoteza zaidi ni mimi. Utazaa mwingine. Inuka sasa, unawazibia watu mwanga."

Akakiinua kijiko.

Subilaga aliinuka kama alivyoambiwa. Alipita nyuma ya kiti, kama mtu anayeelekea mlango wa nyuma, na Lwitiko aliyekuwa amesimama pale na mita yake akasogea nusu hatua, akawa anaitazama feni. Subilaga alikishika kile kinene kwa kidole gumba na cha shahada. Ngozi ya vidole vyake ilichemka. Alisikia mzee akivuta pumzi ili aseme kitu, na hakumngoja akiseme. Kilitoka kwa shida, kama jino.

Kijiko kilianguka. Mtoto aliinamia meza, paji la uso kati ya vikombe. Asajile alipiga yowe la msiba, lile la wanaume, na watu wakamrukia Subilaga, wakamshika mikono kwa nyuma. Kijiti kikaanguka kwenye ndoo ya kutemea, na Sekela akawa amepiga magoti anakipapasa kwenye chai iliyotemwa, analia baba, baba. Lwitiko hakumwuliza mtu. Alizungusha kidude cha umeme mpaka moja na robo, akauweka mkono wake shingoni mwa mtoto, akangoja.

Atuganile aliamka polepole. Alipepesa macho. Alitazama vikombe, akatazama wageni wenye tai, kisha macho yake yakamfikia Ambilikile.

"Baba," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Alimjua. Ambilikile hakuwa mtu wa kuzungumza na watoto, na mwanawe alikuwa hamtafuti ila siku za ada na siku za kuchapwa. Ndani ya kijiti alikuwa amekaa pembeni, poa kabisa. Mtoto akamwambia ana njaa. Kisha akaona kuna mwanamke ameshikwa na wanaume wawili, kichwa wazi, anatoka damu na malengelenge vidoleni, anamtazama.

Ambilikile naye aliona namna mtoto anavyomtazama yule mwanamke. Akaelewa, na hakuona haya kulitumia.

"Atuganile, huyu ni nani?"

Mtoto alijaribu. Alikunja uso kama wanavyokunja darasani, akafuata njia zote alizobakiwa nazo, na Subilaga aliona anazifuata. Alipita kwenye nyuki, kwenye mito, kwenye paka wa Bumi. Alipofika mahali fulani alisimama, kama mtu aliyekuta daraja limechukuliwa na maji, akarudi.

"Simjui," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri na malezi yale yalikuwa kwenye mikono na magoti yake na hayakuhitaji kijiti, alishuka kwenye kiti, akapiga goti kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Subilaga.

"Mwachieni," Ambilikile aliwaambia ndugu zake. "Ataondoka mwenyewe. Mtoto tumeshamsikia."

Wakamwachia. Atuganile alitazama vile vidole vilivyoungua, akatazama wazee waliosimama hakuna hata mmoja anayempisha mgeni, na akaona haya kwa niaba yao. Alikivuta kile kiti alichokuwa amekalia, miguu yake ikakwaruza saruji, akakifikisha mbele ya mwanamke, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu ukae," alisema. "Wenyeji wana kikao, watakusikiliza sasa hivi. Umetoka mbali?"

Subilaga akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto.

"Ndaga," alisema, kama mgeni anavyoshukuru. "Nimetoka Kyela."

"Mimi nilibebwa Kyela," alisema mtoto, uso ukamchangamka. "Kwenye kitambaa cha njano. Ila aliyenibeba simkumbuki."